Nyumba ya mitindo miwili yahitaji sarufi moja

Watu wawili wanapooana, vitu vyao navyo hulazimika kuoana. Jambo hili washenga hawalitaji wakati wa posa. Twaulizwa habari za ukoo, dini na mahari. Hatuulizwi kama rafu za chuma za bwana zitapatana na mikeka ya bibi.

Nami sikuulizwa. Tulipohamia fleti yetu hapa Nairobi, nilikuja na rafu za chuma, meza ya kioo na azma ya kuziacha kuta ziwe nyeupe pasi na hata msumari mmoja. Mke wangu, mzaliwa wa Lamu, alikuja na mikeka ya ukindu, sinia za shaba na kasha la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba, alilorithi kwa nyanya yake. Nilijiamulia kwamba sebule haiwezi kusema lugha mbili. Kasha nikalitoa nje, roshanini. Mvua za masika zikalikuta huko, na kifuniko chake kikafura na kupinda. Mke wangu alilitazama kwa muda mrefu, kisha akanena kwa sauti ya chini: “Baba watoto, wewe kila neno la kigeni hulitafutia ngeli. Kasha langu limekukosea nini hata likose ngeli?”

Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonipeleka maktabani kusoma habari za mume na mke waliowahi kukabiliana na jambo hilohilo, tena kwa ustadi mkubwa: wabunifu wa Marekani, Charles na Ray Eames.

Charles alizaliwa mwaka wa 1907 mjini St. Louis, akasomea usanifu wa majengo. Ray alizaliwa mwaka wa 1912 mjini Sacramento, akawa mchoraji aliyefunzwa na Hans Hofmann mjini New York. Walikutana mwaka wa 1940 katika chuo cha sanaa cha Cranbrook, jimboni Michigan, wakaoana mwaka wa 1941 na kuhamia Los Angeles. Huko walipanga fleti katika jengo la Strathmore, kazi ya msanifu Richard Neutra. Lilikuwa jengo la mtindo mpya wa siku zile: mistari iliyonyooka, madirisha mapana, na mapambo hakuna.

Ndani ya fleti hiyo nadhifu, wawili hao waligeuza chumba cha ziada kuwa karakana. Waliunda humo mashine ya kupindia plaiwudi kwa kutumia kalibu ya plasta, nyaya za umeme za kutia joto, na pampu ya baiskeli ya kujaza hewa. Waliibandika jina la mzaha, Kazam! Kutokana na majaribio yale walitengeneza magango ya kufungia miguu ya majeruhi wa Vita vya Pili vya Dunia, na Jeshi la Majini la Marekani likayanunua. Yapata magango 150,000 yalitengenezwa. Viti vyao mashuhuri vya plaiwudi vilizaliwa kutokana na ujuzi uo huo.

Mwishoni mwa mwaka wa 1949 walihamia nyumba yao wenyewe huko Pacific Palisades, mojawapo ya nyumba za mfano za mradi ulioanzishwa mwaka wa 1945 na jarida la Arts & Architecture. Nyumba hiyo ingalipo hadi leo, na ilinusurika hata katika moto mkubwa uliolikumba eneo hilo Januari 2025. Ukiitazama kwa nje utadhani ni karakana: nguzo nyembamba za chuma na vipande vilivyotoka viwandani tayari kuunganishwa. Kati ya nguzo mna vioo na paneli, nyingine nyeupe na nyeusi, nyingine nyekundu na buluu.

Lakini hebu tuingie ndani. Humo mlijaa vikapu vya Wahindi Wekundu, vitambaa vya India, vinyago vya Mexico, taa za karatasi za Kijapani, mazulia, mishumaa, kokoto za pwani na vichezeo vya watoto. Kazi ya mkono ilikaa kitako juu ya kazi ya mashine. Cha kale kiliegemea kipya. Wala hakuna aliyeingia akadhani yumo katika soko la mitumba.

Kwa nini? Msomaji anisamehe nikijibu kwa lugha ya kazi yangu. Nyumba ile ina msamiati wa mataifa mengi, ila sarufi yake ni moja. Nguzo za chuma zimepangwa kwa umbali ulio sawa, na mpango huo haubadiliki kutoka mwanzo wa nyumba hadi mwisho. Kwa kuwa fremu imesimama imara, kikapu na kinyago vina mahali pa kukaa. Fremu ingelegea, hata kiti kizuri namna gani kingeonekana kimepotea njia.

Mtu asidhani kuwa haya ni maarifa ya Wamarekani pekee. Mke wangu alikulia katika hikima iyo hiyo. Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haivutiki. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu lakini vyembamba, upana wake aghalabu haufiki mita tatu. Ndani ya kipimo hicho wenyeji walipanga vyombo vya kauri kutoka China katika zidaka za ukutani, wakaweka viti vya enzi vya mpingo, wakatandika mikeka iliyosukwa papo hapo. Bahari ilileta vitu, na boriti ikavipangia nafasi.

Lugha yetu nayo imejengwa vivyo hivyo. Tembea katika sebule yoyote ya Mswahili ukihesabu majina. Meza ni ya Wareno. Dirisha limetoka Uajemi. Sahani ni ya Waarabu, kabati na kochi ni vya Waingereza. Kiti, mlango na nyumba ni vyetu vya Kibantu. Sakafu ina kisa chake: katika Kiarabu neno lenyewe lina maana ya paa au dari, nasi twalikanyaga kwa miguu! Aishiye katika nyumba ya ghorofa hatashangaa, maana dari ya jirani wa chini ndiyo sakafu yake.

Hata hivyo maneno hayo hayakuja na sheria za kwao. Mwarabu husema kitabu kimoja ni “kitab”, na vingi ni “kutub”. Mswahili alipolipokea neno hilo alisikia “ki-” mwanzoni, akaliketisha karibu na kiti na kisu, akasema: vitabu vile viwili vimepotea. Mgeni amepewa ngeli, na tangu hapo si mgeni tena. Hiyo ndiyo boriti ya Kiswahili, na haijavunjika kwa karne nyingi za kupokea.

Kinyume chake pia kipo, na walimu wenzangu hukisahihisha kila wiki. Mwanafunzi huandika: “mtu ambaye ninaishi na yeye”. Kila neno hapo ni la Kiswahili, lakini fremu ni ya Kiingereza. Mswahili angesema “mtu ninayeishi naye”. Huyo mwanafunzi hakuazima hata neno moja, na bado nyumba imepinda. Basi tunapowakemea vijana kwa kukopa maneno, huenda tunalinda samani na kuziacha boriti ziliwe na mchwa.

Limesalia jambo moja, nalo ndilo lililonichoma. Mwaka wa 1946 jumba la sanaa ya kisasa la New York liliandaa maonyesho ya samani zile za plaiwudi. Jina lililotajwa katika anwani ya maonyesho lilikuwa la Charles peke yake. Kwa miaka mingi watu walimsifu mume kwa kazi ya wawili, kana kwamba yeye alijenga fremu na mkewe akaja baadaye kutandika vitambaa. Si kweli. Ray alikuwapo tangu siku za pampu ya baiskeli, na Charles naye alipenda vichezeo na vinyago kama mtoto mdogo. Charles alifariki tarehe 21 Agosti 1978. Ray alifariki tarehe iyo hiyo, miaka kumi baadaye. Kuigawa kazi yao baada ya hapo ni sawa na kuuliza katika neno “vitabu” ni sehemu gani iliyo ya Mwarabu na ipi ya Mbantu. Unaweza kupasua, lakini hutabaki na neno.

Niliposoma hayo niliona haya. Nilidhani fremu ya nyumba yetu ni yangu, na kwamba vitu vya mke wangu ni mapambo ya kuruhusiwa au kukataliwa. Sikumpa nafasi ya kuipanga sarufi yenyewe.

Tulikaa chini tukapanga upya. Tulikubaliana mambo mawili tu: vyote virefu vikae upande mmoja wa ukuta, na katikati pawe na nafasi ya watu kuketi chini wakitaka. Fundi alikinyoosha kifuniko cha kasha kadiri alivyoweza. Sasa kasha liko mbele ya kochi, chini yake mkeka, nyuma yake rafu zangu za chuma. Wanafunzi wangu wanaponitembelea huweka vikombe vya chai juu yake, na mke wangu huwahi kuweka vitambaa chini ya vikombe. Doa la maji lingali pale, halikutoka.

Nawaomba walimu wajaribu zoezi moja. Kila mwanafunzi aorodheshe vitu kumi vya nyumbani kwao, aeleze kila jina lilitoka wapi na limo katika ngeli gani. Kisha aulize ni nani aliyekileta kila kitu nyumbani, na ni nani aliyeamua kikae wapi. Swali la kwanza ni la isimu. La pili afadhali akalijibu kwanza mwalimu mwenyewe, kwake nyumbani.