Shinkolobwe: Mgodi wa urani ulifungwa mara mbili, ukachimbwa tena

WAFANYABIASHARA wa njia ya Katanga hadi Zambia wanaufahamu vyema mji wa Likasi. Kilometa zipatazo 20 kutoka hapo upo mgodi wa Shinkolobwe, ambao urani yake ilitumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima, Japan, Agosti 1945.

Kongo ilipokaribia uhuru mwaka 1960, Wabelgiji waliziba mashimo ya mgodi huo kwa zege. Lakini miaka ya 1990, maisha yalipokuwa magumu, wachimbaji wadogo walifika na sururu na magunia. Hawakufuata urani, walifuata kobalti. Tatizo ni kwamba katika mwamba ule madini hayo yamechanganyika. Anayebeba gunia la kobalti hajui ndani yake mna urani kiasi gani.

Januari 2004, Rais Joseph Kabila aliamuru mgodi ufungwe. Hata hivyo, uchimbaji uliendelea, na Julai mwaka huo kifusi kiliporomoka na kuua watu wanane. Ndipo Umoja wa Mataifa ulipotuma wataalamu kukagua.

Wengi huogopa kwamba magaidi watanunua gunia la mawe hayo na kuunda bomu. Si rahisi hivyo, kwani urani ghafi lazima kwanza irutubishwe kwa mitambo ambayo ni nchi chache zinayo. Hatari ya karibu ni vumbi na gesi ya radoni. Vyote huingia mapafuni mwa anayechimba, anayepakia na anayelala juu ya magunia safarini, na saratani huja miaka mingi baadaye.

Kinachotisha zaidi ni nishati iliyokwishatayarishwa. Katika miaka ya 1970, fito mbili za urani ziliibwa kwenye mtambo wa utafiti mjini Kinshasa. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu.

Zege na amri ya rais havikutosha, kwa kuwa mwenye njaa huvuka vyote viwili. Kwa hiyo anayerejea Katanga kutafuta riziki, na mwenye lori, wajilinde wenyewe: waulize mzigo umetoka shimo gani na wadai hati zake. Ukikuta chombo chenye alama ya njano yenye mapanga matatu meusi, hata kwenye vyuma chakavu, usikifungue wala kukikata. Kaa mbali, kisha toa taarifa kwa mamlaka. Faida ya gunia moja hailipi mapafu.