Maziwa yanapokuja na mtoto hayupo
Mama amejifungua mtoto aliyefia tumboni. Anavuka kurudi Songo Songo mikono mitupu. Siku ya tatu maziwa yanajaa, naye analia upya, kwa sababu hakuna aliyemwandaa.

Mwambieni mapema. Avae sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, akamue kidogo tu kupunguza maumivu. Titi likiwa jekundu na homa ikapanda, au damu ikitoka nyingi, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Nanyi mnaokwenda kumpa pole, Kivinje hadi Lindi mjini, msimwambie "utapata mwingine." Niliwahi kumwambia mgonjwa hivyo. Akanijibu, "Daktari, nilimtaka huyu." Tangu siku hiyo nakaa kimya kwanza, kisha namuuliza kama walimpa jina. Pelekeni uji, mchoteeni maji, mfulieni. Baba naye amefiwa, mpeni pole.

Wiki mbili zikipita halali wala hali, mleteni tuzungumze. Akisema anatamani kufa, msimwache peke yake, mleteni siku hiyo hiyo. Hiyo si imani haba. Ni ugonjwa, na unatibika.