Meza ya Magazeti Mwanza: Kila Gazeti na Msomaji Wake

Mwaka 1974 wakulima wa pamba na wavuvi wa mikoa ya Ziwa walipata gazeti lililoandikwa kwa ajili yao hasa. Liliitwa Elimu Haina Mwisho, na lilitoka mara moja kwa mwezi. Msomaji wake alijulikana kabla ukurasa wa kwanza haujapangwa: mtu mzima aliyetoka darasa la ngumbaru, herufi anazijua, lakini nyumbani hana kitu cha kusoma.

Halikuanzia Kanda ya Ziwa kwa bahati. Tangu 1968 serikali na UNESCO walikuwa wakiendesha huko mradi wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa Mwanza, ukihudumia mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vya wanakisomo vilihusu mambo wanayoyashika kwa mikono yao: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1975 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 39. Walimu wakaona hatari nyingine. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, akikaa miaka miwili mitatu bila karatasi mbele yake, husahau. Ndiyo maana likaja gazeti.

Si kila gazeti huanza na nia njema kiasi hicho, lakini kila gazeti huanza na swali lile lile: nani atalisoma? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua lugha, bei, picha ya mbele, hata ukubwa wa herufi. Ngurumo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1959, liliuzwa senti 10 kwa sababu lilimtaka mchukuzi, si karani peke yake.

Ukitaka kuliona jambo hili leo, simama asubuhi kwenye meza yoyote ya magazeti katikati ya jiji la Mwanza. Magazeti yamepangwa yakipishana, vichwa vikubwa vikiachwa wazi, juu yake mawe madogo ili upepo wa ziwani usiyapeperushe. Watu wameinama, mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele bila kununua. Muuzaji hawafukuzi. Anajua kwamba miongoni mwao yumo atakayetoa pesa, na mara nyingi anajua pia atachukua lipi.

Mwenye suti anayeelekea ofisini huchukua Daily News au The Citizen. Haya ni magazeti ya Kiingereza, na shabaha yake ni maofisa, wafanyabiashara wakubwa, mabalozi na wawekezaji. Daily News ni la serikali. Lilizaliwa Aprili 1972, pale The Standard, lililotaifishwa 1970, lilipounganishwa na The Nationalist la chama cha TANU. Kampuni yake ilianzisha HabariLeo mwishoni mwa 2006, kwa Kiswahili, ili sauti ya serikali iwafikie na wasiosoma Kiingereza. Fungua kurasa za ndani za magazeti haya uone matangazo ya zabuni na nafasi za kazi: mara nyingi msomaji wake ni mtu anayetafuta kazi au kandarasi.

Mwananchi, lililoanza mwaka 2000, na Nipashe ni magazeti ya watu wote, au yanajitahidi kuwa hivyo. Mwalimu wa Magu, nesi wa hospitali ya Sekou Toure na mwenye duka wa Mlango Mmoja wanaweza kugawana nakala moja, kila mmoja na ukurasa wake. Ugumu wa magazeti haya uko hapo hapo: anayetaka kumpendeza kila mtu hulazimika kupunguza makali hapa na kuongeza viungo pale.

Uhuru halina shida hiyo. Tangu 1961 ni gazeti la chama tawala, kwanza TANU na sasa CCM, na mwanachama analinunua akijua anachokifuata. Hata hivyo, Agosti 2021 leseni yake ilisimamishwa kwa siku 14 kwa habari iliyodai kwamba Rais Samia hana nia ya kugombea 2025. Upande mwingine yamekuwapo MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, wasomaji wake wakiwa watu wanaotaka kuona mamlaka yakiulizwa maswali. Yote manne yalifungiwa kwa nyakati tofauti kati ya 2016 na 2020, na leseni zikarudishwa Februari 2022. Msomaji aliyekaa miaka bila gazeti lake hujizoeza kuishi bila gazeti, na hasara hiyo hairudishwi na leseni.

Kisha kuna michezo. Mwanaspoti na Championi huondoka mezani mapema, hasa asubuhi ya siku ya Simba na Yanga. Pamba Jiji ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2024, baada ya zaidi ya miaka 20 nje, wapenzi wa soka wa Mwanza walipata sababu mpya ya kununua. Pembeni yake yamekuwapo magazeti pendwa: Uwazi, Risasi, Ijumaa, Amani. Mchapishaji wake, Eric Shigongo, ni mtu wa kanda hii hii, aliyechaguliwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020. Wengi huyaita ya udaku na kuyadharau. Wanakosea kwa sehemu moja: hadithi zake za mfululizo zilimfanya kijana wa saluni na abiria wa basi la Nyegezi arudi kusoma wiki baada ya wiki, kazi iliyowashinda wengi wenye vyeti. Ya dini, kama An-Nuur la Ijumaa na Kiongozi la Wakatoliki, hupata wasomaji wake hasa mlangoni pa ibada.

Ng'ambo ya ziwa hesabu ni nyingine. Uganda, kampuni ya New Vision ililenga lugha: Bukedde kwa wasemaji wa Kiganda, Orumuri kwa watu wa magharibi, Rupiny kwa Waluo wa kaskazini. Kenya, miaka ya 1940, palikuwa na Ramogi la Kijaluo, chini ya Achieng' Oneko. Tanzania, ambako Msukuma na Mkerewe wanasoma Kiswahili kimoja, gazeti haliwezi kugawa watu kwa lugha za makabila. Hugawa kwa mfuko, kwa chama, kwa timu na kwa dini.

Katika mgawanyo huo mwambao wa ziwa umesahaulika. Magazeti makubwa yote huhaririwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,100 kutoka Mwanza, na habari ya mkoa hupigania nafasi kwenye ukurasa wa ndani. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 na lililofunguliwa Juni 2025, linafupisha safari ya kwenda Sengerema na Geita, lakini visiwani Ukerewe na Ukara bado gazeti husubiri kivuko. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama Septemba 20, 2018, watu zaidi ya 220 wakafa, Ukara ikajaa kurasa za mbele za kila aina ya gazeti. Hali ya vivuko ilihitaji kuandikwa kabla ya hapo, wiki kwa wiki, kwa ajili ya anayevipanda.

Redio imeziba pengo kwa kiasi. Radio Free Africa, iliyo Mwanza, husikika hadi kambi za wavuvi, na vipindi vya asubuhi vya kusoma magazeti vimewapa vichwa vya habari watu wasiowahi kushika nakala. Ila Mei 2017 Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Habari, aliagiza visomwe vichwa tu, si habari yenyewe. Na katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, gazeti hufika zaidi kama karatasi ya kufungia karanga.

Mvuvi wa dagaa anataka kujua bei ya leo sokoni, sheria mpya ya nyavu, mwezi ambao uvuvi utafungwa, boti iliyoibiwa injini. Hizo ni habari kamili, na wanaozihitaji wamejaa mialoni, pale boti zinaposhusha samaki, kuanzia Bunda hadi Bukoba. Wachapishaji walioko Dar es Salaam waanze na ukurasa mmoja kwa wiki, uhaririwe Mwanza na watu wanaolijua ziwa, na ufikishwe mwaloni kwa bei ambayo mvuvi anaimudu.