Nyumba Iliungua, Ujuzi Ulibaki

Akina mama wapendwa, sisi wa Morogoro tunaujua moto wa kiangazi. Watu wanapoandaa mashamba, usiku huonekana mistari ya moto kwenye miteremko ya Uluguru. Mara nyingi tunasema, "Ni nyasi tu, zitaota tena." Je, moto ukiingia katika nyumba iliyojengwa na babu zetu, tutasemaje? Nyumba haioti.

Mwezi huu tuwatazame jirani zetu wa Uganda waliopatwa na msiba huo. Katika kilima cha Kasubi, Kampala, ipo nyumba kubwa ya mviringo iitwayo Muzibu Azaala Mpanga. Kabaka Muteesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe ikulu yake. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na baadaye wakazikwa humo Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Ilijengwa kwa miti, matete na nyasi, na dari yake ilikuwa na pete 52, kila pete kwa ajili ya ukoo mmoja wa Buganda. Mwaka 2001 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia.

Usiku wa Machi 16, 2010, nyumba hiyo iliteketea. Watu walifurika kilimani wakilia kama waliofiwa na mzazi. Kesho yake vurugu zilitokea na watu wakapoteza maisha, na mabishano juu ya chanzo cha moto yaliendelea kwa muda mrefu.

Waliopata pigo la karibu zaidi ni wanawake. Kwa desturi, wapo akina mama wanaoshika nafasi ya wajane wa Makabaka. Wao huishi katika nyumba ndogo zinazozunguka uwanja, wakiyatunza makaburi na kukaa kwenye mikeka kwa zamu. Kazi hiyo hurithiwa katika koo. Kwao Kasubi haikuwa mahali pa watalii, bali nyumbani.

Labda mama mmoja atauliza: Mkristo ana haja gani ya kulilia makaburi hayo? Tena humo amelala Mwanga, ambaye mwaka 1886 aliamuru Wakristo wachomwe moto Namugongo! Ni swali la haki. Lakini kuililia kazi ya mikono ya wazee si kuyaabudu makaburi yao. Mwanga mwenyewe alibatizwa huko uhamishoni Shelisheli, akaitwa Danieli. Na Wakristo wa Buganda walikwisha kuonja uchungu huu. Mwaka 1910 radi iliipiga kathedro yao ya Namirembe, iliyoezekwa kwa nyasi, ikaungua. Walilia, kisha wakajenga nyingine, ikawekwa wakfu mwaka 1919.

Kasubi nako walijenga upya, lakini kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi. Fedha pekee hazikutosha. Kuezeka nyumba ile ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na kuzipamba pete ni kazi ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Ilibidi wazee wawafundishe vijana namna ya kuchagua nyasi, kuzifunga na kuzipanga. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kama ujuzi ule nao ungekuwa umekufa, nani angeijenga?

Hapa ndipo somo linapotufikia sisi. Kwa Waluguru, mtoto hufuata ukoo wa mama. Basi mama ndiye ghala la kumbukumbu. Je, binti yako anajua kusuka mkeka kama bibi yake? Kijana wako amewahi kuonyeshwa jinsi ya kuezeka? Wakae na wazee wakati wa likizo, wajifunze kwa mikono na si kwa hadithi tu.

Pia tujilinde. Tusiache mshumaa au kibatari kikiwaka nyumbani wala kanisani tunapoondoka. Jikoni, ndoo ya mchanga isikosekane. Kabla ya kuchoma shamba, tulime ukanda wa kuzuia moto, tuwaarifu majirani, na upepo ukivuma tuahirishe. Vyeti vya ndoa na ubatizo, pamoja na picha za wazee, tutoe nakala na kuziweka kwenye nyumba nyingine.

Nehemia aliposikia kwamba malango ya Yerusalemu yameteketezwa kwa moto, aliketi akalia, akafunga na kuomba. Kisha aliinuka akaomba ruhusa na miti ya kujengea. Na katika orodha ya waliojenga ule ukuta, yumo Shalumu pamoja na binti zake. Mama mpendwa, kulia si udhaifu. Tulie, halafu tuwaite binti zetu tukajenge nao.