Kutafuta Neno Ndani ya Mafaili ya Kompyuta

Katika kompyuta za nyumbani, za mafrateri na za ofisi za parokia hukusanyika mamia ya mafaili: homilia, mihtasari ya vikao vya jumuiya, madokezo ya darasani, orodha za waliobatizwa. Tunakumbuka kwamba jambo fulani tuliliandika, ila jina la faili limetutoka. Hapo ndipo tunapohitaji kutafuta maandishi yaliyo ndani ya faili, wala si jina lake tu.

Kompyuta hufanya kazi hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufungua faili moja baada ya jingine na kuyasoma yote; ni njia ya uhakika lakini ya polepole. Ya pili ni kutumia faharasa: kompyuta huyasoma mafaili mapema, ikaweka kumbukumbu ya kila neno na mahali lilipo, kama faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu. Ukiuliza, inatazama faharasa na kujibu mara moja. Ndivyo ilivyo kwa Windows, na kwa Spotlight katika kompyuta za Apple.

Njia hii ya pili ni nzuri, lakini ina mipaka mitatu ambayo yafaa tuijue.

Kwanza, si kila folda imo katika faharasa. Kwa kawaida Windows huingiza folda ya hati zako, lakini haiingizi flashi uliyoichomeka. Kwa folda iliyo nje ya faharasa, huenda ikatafuta majina ya mafaili peke yake. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya utafutaji na kuongeza folda hiyo, au kuiagiza kompyuta itafute pia yaliyomo ndani ya mafaili.

Pili, ukurasa uliopigwa picha au kuskaniwa ni picha tu machoni pa kompyuta, hata ukiwa PDF. Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa kuchaguliwa, hakuna maandishi ya kutafuta, mpaka upitishe ukurasa huo katika programu ya kutambua maandishi.

Tatu, na hili linatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili, kompyuta hulinganisha herufi, haijui maana. Tena utafutaji wa faharasa kwa kawaida hulinganisha neno kuanzia mwanzo wake. Kwa lugha ambayo maneno yake hubadilika mwishoni, hilo halina shida kubwa. Kiswahili hubadilika mwanzoni: kusamehe, tusamehe, amewasamehe. Ukiandika "samehe", yote matatu yanaweza kukupita. Basi tafuta maumbo kadhaa, na usisahau "msamaha". Ukishalifungua faili lenyewe katika programu kama Word, bonyeza Ctrl na F kwa pamoja; hapo "samehe" itaonekana hata ikiwa katikati ya neno. Na ukitaka maneno yafuatane kama yalivyoandikwa, yafunge kwa alama za kunukuu.

Ugumu huu si mpya. Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alipoandika tasnifu yake juu ya fundisho la Mtakatifu Thoma wa Akwino kuhusu uwepo, alianza kwa kutafuta maneno ya Kilatini yenye maana ya uwepo. Akagundua kwamba fundisho lenyewe limejificha zaidi katika kineno kidogo "in", yaani "ndani ya". Aliandika kadi takriban 10,000 kwa mkono. Mwaka 1949 alimwendea Thomas J. Watson, mkuu wa IBM huko Marekani, akaomba msaada wa mashine. Matunda yake ni Index Thomisticus, faharasa ya maneno takriban milioni 11, iliyochapishwa katika majuzuu 56. Mashine ilipanga maneno. Lakini kuamua kwamba maumbo mbalimbali ya Kilatini ni neno lilelile kulibaki kuwa kazi ya watu.

Kwetu pia kazi hiyo haikwepeki. Mchumba anapofika ofisini kuomba cheti cha ubatizo ili afunge ndoa, na kompyuta ikasema jina halipo, asirudishwe nyumbani kwa jibu hilo. Tafuta Yohane, Yohana, Yohanes na John. Tafuta jina la baba, la mama, la msimamizi, na mwaka. Hatimaye fungua kitabu chenyewe cha ubatizo. Vivyo hivyo frateri asiandike katika tasnifu yake kwamba mwandishi fulani hakugusa jambo fulani, kwa sababu tu alitafuta neno moja akalikosa.

Kutoonekana si kutokuwepo. Kabla ya kusema "hakuna", tujiulize: tumetafuta wapi, kwa neno gani, na katika umbo lipi?