Je, Wajua? Kukimbia Kipigo na Mbwa Wako

Je, wajua kwamba mtu anayepigwa nyumbani anaweza kuchelewa kuondoka kwa ajili ya mnyama wake? Anajua fika kwamba akimwacha, hasira zitamshukia huyo asiye na msemaji.

Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya Uganda, ya 2010, inamsaidia kiasi. Kuuza au kuhamisha mali ambayo mwathiriwa ana haki nayo ni ukatili wa kiuchumi, kwa hiyo mbuzi wa mama aliyeuzwa kumkomoa anaweza kuwa kesi, hata mbele ya mahakama ya baraza la mtaa, LC. Mbwa koko asiye na bei sokoni, je? Hapo pagumu.

Uingereza, shirika la Dogs Trust lilianza mwaka 2004 kuwapeleka mbwa wa waathiriwa kwa familia za kujitolea, wakatunzwa kwa siri hadi mwenyewe apate makazi. Njia hiyo ingeifaa Kampala, ambako shirika la kutunza wanyama la USPCA tayari linahifadhi mbwa na paka waliotelekezwa, kwani nyumba ya siri ya kuwaficha waathiriwa ikiwa na mbwa abwekaye usiku kucha haina siri tena.