Maumivu ya Kifua kwa Watumiaji wa Dawa za Sonona: Yanatoka Wapi, na Uchukue Hatua Gani

Mkazi aliyeanza kutumia dawa za sonona, kisha akahisi kifua kikimbana au moyo ukimwenda mbio, hujikuta na uamuzi mgumu usiku huohuo. Aendelee kumeza, aache, au aende hospitali? Wengine huacha kimyakimya: dawa huwekwa juu ya kabati, na siku ya kliniki ikifika hawaonekani. Wengine huvumilia, kwa kuwa waliwahi kuambiwa kwamba tatizo lao ni mawazo, hivyo huona haya kurudi kituoni wakilalamikia moyo. Njia zote mbili zina hatari.

Kwanza ni vyema kufahamu ni dawa zipi zinazozungumzwa. Katika vituo vya umma zinazofahamika zaidi ni amitriptilini na fluoksetini, na zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Amitriptilini ni dawa ya siku nyingi, iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Haitolewi kwa sonona pekee. Hutolewa pia kupunguza maumivu na kuwaka moto kwa miguu ya mgonjwa wa kisukari, na kuzuia kipandauso. Kwa hiyo mzee aliyeandikiwa kidonge kimoja cha miligramu 25 kila usiku kwa ajili ya miguu, na ambaye hajawahi kusikia neno sonona kliniki, naye makala haya yanamhusu.

Maumivu ya kifua kwa mtumiaji wa dawa hizi yana vyanzo vingi, na mara nyingi moyo wenyewe hauna kosa. Ugonjwa unaotibiwa unaweza kuyaleta. Sonona huambatana mara kwa mara na wasiwasi mkubwa, na wasiwasi ukipanda ghafla, mwili hujiandaa kama unaokimbia simba: mapigo huenda kasi, misuli ya kifua hukaza, pumzi hukatika, vidole hufa ganzi. Hali hiyo kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Mgonjwa hajifanyi, maumivu anayoyasikia ni ya kweli.

Dawa nayo ina mchango wake. Fluoksetini inaweza kumfanya mtu awe na mahangaiko na kukosa usingizi katika siku za mwanzo, ilhali nafuu ya sonona huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na kwa wengine zaidi. Maana yake ni kwamba usumbufu hutangulia na faida hufuata. Mgonjwa asipoelezwa jambo hili siku anayokabidhiwa dawa, ataziacha katika wiki ya pili, na hatuwezi kumlaumu. Katika wiki hizohizo familia iwe karibu naye, hasa akiwa kijana wa chini ya miaka 25. Akianza kuzungumzia kufa au kujidhuru, apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Tumbo pia husingiziwa moyo. Asidi inayopanda kutoka tumboni huchoma katikati ya kifua, hasa baada ya kula au mtu anapolala chali. Hapa kuna tahadhari ambayo wanunuzi wa dawa za maumivu madukani hawaifahamu vya kutosha: fluoksetini ikitumiwa pamoja na diklofenaki, ibuprofeni au aspirini huongeza uwezekano wa tumbo kuvuja damu. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, usisubiri kliniki. Hata hivyo, aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Amuulize daktari wake.

Umeme wa moyo

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Moyo ni pampu inayoamrishwa na umeme. Kwa kila pigo mkondo mdogo wa umeme hupita katika misuli yake, kisha misuli hiyo hujiandaa upya kwa pigo linalofuata. Baadhi ya dawa huchelewesha maandalizi hayo. Ucheleweshaji mdogo kwa kawaida hauna athari, lakini ukizidi, mapigo yanaweza kuvurugika, mtu akazimia na hata kufa ghafla. Amitriptilini ni miongoni mwa dawa zenye uwezo huo, hasa kwa dozi kubwa, na haipaswi kutolewa kwa mtu aliyetoka karibuni kupata shambulio la moyo. Sitalopramu nayo imo. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba dozi yake isizidi miligramu 40 kwa siku, na mwaka uliofuata ikashauri isizidi miligramu 20 kwa wenye zaidi ya miaka 60.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba hitilafu hii ya umeme kwa kawaida haiumi. Hujitokeza kama mapigo yanayorukaruka, kizunguzungu cha ghafla, au kuzimia. Kwa hiyo mtumiaji wa dawa hizi anayezimia bila maumivu yoyote ana sababu kubwa zaidi ya kuhofia umeme wa moyo kuliko yule anayesikia kichomi akivuta pumzi. Aliyezimia afike kituoni mara moja, kabla ya kumeza dozi inayofuata.

Hatari huongezeka dawa zinapokutana. Mseto wa malaria, kwinini, erithromaisini, siprofloksasini na flukonazo zote zinagusa umeme wa moyo kwa kiwango fulani. Kuharisha au kutapika kwa muda mrefu, pamoja na vidonge vya kukojoza maji kama furosemaidi, hupunguza madini ya potasiamu ambayo moyo unayategemea. Hii haina maana kwamba mgonjwa wa malaria akatae mseto. Malaria isiyotibiwa huua. Maana yake ni kwamba anayekuandikia dawa lazima ajue unachokimeza tayari, na ni wewe unayeweza kumwambia. Beba paketi zote unapokwenda zahanati au duka la dawa, hata kama zimebaki tupu.

Lini ni dharura

Usisubiri asubuhi iwapo maumivu yanabana au kulemea katikati ya kifua kwa zaidi ya dakika chache, yanaenea kwenye mkono, taya, shingo au mgongo, au yanakuja pamoja na jasho jembamba, kichefuchefu na pumzi fupi. Hali kadhalika ikiwa mguu mmoja umevimba na kuuma kisha pumzi ikakatika ghafla, kwani huenda damu iliyoganda imefika kwenye mapafu. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, shambulio la moyo linaweza kuja bila maumivu makali, likiwa uchovu usio wa kawaida na kuhema tu. Ukiwa na shaka, nenda.

Kituoni, anza kwa kusema kwamba unatumia dawa za sonona, umeanza lini na dozi ni ngapi. Eleza maumivu yalianza ukifanya nini, yalidumu muda gani, na kama yanazidi unapopanda mlima au kubeba ndoo. Mtoa huduma atapima shinikizo la damu ukiwa umelala na ukiwa umesimama, mapigo, wingi wa damu na sukari. Upungufu wa damu pekee unatosha kuufanya moyo uende mbio. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho wengi hukiita ECG, huchukua dakika chache na hakiumi, ila kwa kawaida hupatikana ngazi ya hospitali, hivyo unaweza kupewa rufaa. Wachache ambao tatizo lao linahitaji uchunguzi wa kibingwa hupelekwa mbele zaidi, ikiwemo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Inafaa kusema wazi kwamba jibu la “ni mawazo tu” si uchunguzi. Mgonjwa wa sonona ana haki ya kupimwa kifua chake sawa na mkazi mwingine yeyote, na kwa kweli ana sababu zaidi, kwa kuwa sonona yenyewe huambatana na ongezeko la magonjwa ya moyo. Wala mwenye ugonjwa wa moyo hapaswi kunyimwa tiba ya sonona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wagonjwa 369 wenye sonona waliokuwa wametoka kupata shambulio la moyo au maumivu ya moyo yasiyotulia, haukuona madhara ya moyo kutokana na dawa ya sertralini ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa. Zipo njia za kuchagua dawa inayomfaa kila mtu.

Ndiyo maana tunasisitiza usikatishe dawa ghafla kwa uamuzi wako. Kukatisha huweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, mshtuko kama wa umeme kichwani, na moyo kwenda mbio, yaani kilekile ulichokuwa unakikimbia. Kisha sonona yenyewe hurudi. Dawa ikilazimu kuachwa, mtoa huduma ataipunguza hatua kwa hatua au kuibadilisha.

Amitriptilini zihifadhiwe mahali pa kufungwa. Vidonge vichache vikimezwa na mtoto mdogo vinaweza kuusimamisha moyo wake, na kwa mtu mzima aliyekata tamaa, paketi nzima ndani ya nyumba ni hatari. Ndugu amshikie na kumpa za siku chache. Usimgawie jirani dawa zako hata kama dalili zenu zinafanana, na usichanganye na pombe.

Madhara yoyote unayoyashuku kutokana na dawa yaripotiwe kwa mtoa huduma wako, ambaye huyawasilisha kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa ushauri wa afya kwa simu, kituo cha Wizara ya Afya hupokea simu bila malipo kwa namba 199.